Natafuta kamera ya bei nafuu ya kurekodia singo na shughuli za ndani, iwe haijui intaneti kabisa

Mpambaji_wa_Ngambo #1

Assalaam alaykum wana jamvi.

Mimi ni mpambaji wa mabibi harusi, niko mjini Unguja. Hina, piko, singo (kumsugua bibi harusi mwili), mavazi, mpaka bibi harusi anapotolewa mbele za watu, yote nafanya. Siku hizi kina mama wananiomba jambo jipya: wawekewe ukumbusho wa video wa shughuli za ndani. Sisemi za ukumbini kwenye taarab, huko wapiga video wapo tele. Nasema singo, kutiwa hina, ngoma ya usiku wa kesha. Bibi harusi kajifunga kanga, liwa mpaka masikioni, na mashangazi wanacheza bila ushungi. Mwanamume haingii. Na simu nazo haziingii: mlangoni anakaa mtu na pakacha, kila mgeni anatumbukiza simu yake humo na kupewa kipande cha karatasi chenye nambari.

Sharti lao: kitakachorekodi kisiwe simu, na kisiwe na njia ya kurusha kitu hewani. Video inabaki kwa mama wa bibi harusi, basi.

Mfukoni nina laki sita, nikijikaza laki saba. Vyumba ni vidogo, taa moja ya juu, moshi wa udi umetanda, na ngoma inakwenda saa tatu nzima. Ninunue nini? Na nisiguse nini?

Kipupwe_Mlandege #2

Laki sita bibie unataka kamera au picha ya kamera? 😂

Nakaa hapa nasubiri mafundi.

FundiLenzi #3

Msimvunje moyo. Mpya ya dukani kwa pesa hiyo ni kazi, lakini iliyotumika inapatikana.

Kwanza achana na kamera za picha zenye lenzi za kubadilisha. Utanunua bodi, halafu utalilia lenzi mwaka mzima. Tafuta kamkoda, ile yenye mkanda wa kupitisha kiganja na kioo cha kufungua ubavuni. Tazama Sony HDR-CX405, Panasonic HC-V180 na Canon LEGRIA HF R806. Sony inavuta mara 30, Canon mara 32, Panasonic mara 50. Zote ni za kadi tu, hazina waifai, kwa hiyo sharti la wateja wako limetimia.

Mimi ningechukua Canon kwa sababu moja: ina tundu la maiki ya nje. CX405 haina, na ngoma chumbani ukiipiga kwa maiki ya ndani sauti inapasuka, unasikia mkwaruzo tu.

dau_la_Nungwi #4

Mnamchosha dada wa watu. Anunue iPhone iliyotumika, atoe laini, azime waifai, atoke kwenye akaunti. Basi, hiyo ni kamera. Tena picha yake usiku inaipita mbali hiyo kamkoda ya FundiLenzi.

Mpambaji_wa_Ngambo #5

@dau_la_Nungwi kaka yangu, pakacha la simu umelisoma lakini? Nitakaaje mimi nimesimama katikati ya chumba na simu mkononi, nawaambia mabibi zangu "hii imetolewa laini"? Watanitoa mbio na hina yangu.

@FundiLenzi ahsante. Picha usiku ikoje kwenye hizo?

FundiLenzi #6

@dau_la_Nungwi kwa upande wa picha kasema kweli. Sensa, yaani kile kipande cha ndani kinachonasa mwanga, ya CX405 na ya V180 ni sehemu moja ya 5.8 ya inchi, ya Canon imezidi kidogo tu. Simu nzuri ya miaka hii ina sensa kubwa kuliko zote tatu, na kompyuta ndani inayosafisha picha. Kamkoda kwenye chumba chenye taa moja itakupa chengachenga, na nyeusi itakuwa kijivu.

Dawa ni taa. Nunua taa ndogo ya LED, ielekeze kwenye dari au ukuta mweupe, usimpige nayo bibi harusi usoni. Mwanga ukishuka kutoka juu, chumba kizima kinalainika na hata jasho halionekani sana. Itakusaidia kuliko kuongeza laki mbili kwenye kamera.

Karafuu_Wete #7

Taa hiyo ataiweka wapi kwenye vyumba vyetu vya dari ya bati? Hebu fikirini na sisi wa Pemba kidogo.

FundiLenzi #8

Ukuta, mkuu. Shuka jeupe pia linafaa.

Bi_Mrihani #9

Mie ni somo, nimewafunda wanawali wengi kuliko umri wa baadhi yenu humu. Nauliza tu: tangu lini mambo ya chumba cha singo yakawa ya kutazamwa tena? Tunayomwambia mwari mle ndani tunamwambia yeye. Haya mkishamrekodi, ayatazame na nani? Mumewe?

Mpambaji_wa_Ngambo #10

@Bi_Mrihani shikamoo bibi. Mafundo hayarekodiwi, wakati huo kamera inafungwa begini na mimi mwenyewe natolewa nje. Wanachotaka ni ile furaha: kusuguliwa liwa, kupakwa hina, vigelegele, nyanya anayeinuka kucheza. Juzi bibi mmoja aliyecheza kwenye ngoma ya mjukuu wake alifariki haijapita wiki, na hakuna hata picha yake moja ya usiku ule.

Bi_Mrihani #11

Marhaba mwanangu. Hapo kidogo nimekuelewa. Kidogo.

Mzee_wa_Kanda #12

Nimepiga video za harusi tangu enzi za kanda za VHS, kamera ya kubeba begani, bega moja likawa chini kuliko jingine mpaka leo. Shughuli za ndani alikuwa akiingia marehemu mke wangu. Kanda ikitoka kwenye kamera inakabidhiwa kwa mama wa bibi harusi palepale, hakuna nakala. Siri ilikaa kwa kuwa kutoa nakala kulihitaji deki mbili na mtu mwenye nafasi ya kukaa saa tatu akisubiri kanda iishe.

Lakini nimekuja kusema jingine. Kabla hujanunua kamera iliyotumika, jua imetoka nchi gani. Zinazoshushwa hapa nyingi zimetoka Japani au Marekani, na hizo ni za NTSC, mfumo wa video wa huko kwao, si PAL wa huku. Ukizipiga chini ya taa zetu, picha inapigwa na michirizi inayopanda na kushuka.

Kipupwe_Mlandege #13

Hiyo michirizi mimi ninayo kwenye harusi yangu yote! Nilidhani yule mpiga video kaniroga.

FundiLenzi #14

Mzee wangu kasema. Umeme wetu ni 50Hz, kwa hiyo taa inapungua na kurudi mara 100 kwa sekunde. Kamera ya NTSC inapiga fremu 30 au 60, na shata yake, yaani muda wa kunasa kila fremu, inapenda kukaa 1/60 ya sekunde. Haziendi sawa na taa, ndiyo unapata michirizi. Ya PAL inapiga 25 au 50, inaoana.

Kwenye kamera inayokubali kuwekwa shata kwa mkono, weka 1/50 au 1/100 na michirizi inaondoka hata kama ni ya NTSC. CX405 haikupi nafasi hiyo, kwa hiyo tazama kibandiko chini: ikiandikwa HDR-CX405E ni PAL, ikikosa ile E ni NTSC. Kwa Canon ni rahisi zaidi: LEGRIA ni za soko la PAL, VIXIA ni za Marekani, iVIS ni za Japani.

Umeme_Mdogo #15

Nawapinga kidogo, mimi ni fundi umeme. Michirizi mingi ya siku hizi haina uhusiano na 50Hz wala hiyo PAL. Ni taa za LED za bei rahisi, hasa zile za rangi za ukumbini na zile zinazopunguzwa mwanga. Ndani mna saketi inayowasha na kuzima kwa kasi yake yenyewe, haifuati umeme wa ukutani. Hapo uwe na PAL au NTSC utapata mistari. Badilisha balbu.

Mzee_wa_Kanda #16

@Umeme_Mdogo mwanangu, mimi michirizi nimeiona kabla hizo LED hazijazaliwa. Chini ya taa za tyubu.

Na iko sababu ya tatu ambayo hamkuitaja: jenereta. Ule mwaka umeme ulipokatika Unguja nzima miezi mitatu, 2008, harusi zote zilikwenda kwa jenereta. Jenereta ndogo hailei 50 yake sawasawa. Friji likiwaka inashuka, likizima inapanda. Video zote za kipindi kile zinapumua, mwanga unakuja na kwenda. Na kamera yangu ilikuwa ya PAL.

dau_la_Nungwi #17

Mzee nakusahihisha kwa heshima. 2008 ilikuwa kama mwezi mmoja, Mei mpaka Juni. Ile ya miezi mitatu ilianza Desemba 2009 ikaisha Machi 2010. Naikumbuka maana hoteli niliyokuwa nikifanya kazi tulibeba maji kwa ndoo.

Mzee_wa_Kanda #18

Sawa, 2009. Harusi ya mwanangu wa pili ilikuwa katika kiza hicho hicho.

Karafuu_Wete #19

Nyie Unguja mnajisifia kiza. Sisi Pemba wakati ule tulikuwa na majenereta yetu ya Wesha, huo waya wenu wa umeme kutoka Bara ulipoungua hata habari hatuna 😄. Waya wetu kutoka Tanga ulikuja 2010. Na kabla ya hapo umeme ulikuwa wa mgao kila leo, kwa hiyo msije na habari za miezi mitatu.

Umeme_Mdogo #20

Jenereta nakubali. Tyubu nakubali. Ila kwa chumba cha huyu dada, balbu ya LED ya elfu mbili ndiyo mtuhumiwa wa kwanza.

Binti_Kikwajuni #21

Naomba niwarudishe kwenye mada, maana sharti la #1 ni siri, si michirizi.

Kwenye harusi ya binti wa mama mdogo wangu simu zilizuiwa kama alivyosema mleta uzi. Aliyerekodi alikuwa dada mmoja na kamera, si simu. Baada ya muda kipande cha sekunde chache kikaonekana kwenye kundi la WhatsApp: mama mdogo wangu anacheza, kichwa wazi. Alikaa ndani, hata dukani akawa anatuma mtoto. Mpaka leo kwenye familia hatujakubaliana kilitoka wapi. Kwa hiyo "haina waifai" peke yake hainitoshi.

FundiLenzi #22

Pole sana. Ilihaririwa wapi?

Binti_Kikwajuni #23

Kwa kijana wa kukata na kuunga, mjini. Alipewa kadi, akakaa nayo, akarudisha video kwenye flashi.

FundiLenzi #24

Basi ni hapo. Ukimpa mtu kadi umempa kila kitu. Kompyuta yake imebaki na faili zote, na mahali kama pale wanapita vijana kumi kwa siku wanacheza muziki.

Kipupwe_Mlandege #25

Si lazima. Umesema alirudisha kwenye flashi. Flashi ikachomekwa kwenye TV ya nani? Kwetu flashi ya harusi inazunguka mtaa mzima kama sinia la biriani. Mtu anapiga TV kwa simu, kwisha.

Binti_Kikwajuni #26

Hicho kipande hakikupigwa kwenye TV, kilikuwa safi. Lakini ndugu yangu mmoja anasema aliihamishia kwenye simu yake "aitazame tu", na simu yake inapeleka picha zote Google zenyewe. Anaapa hakumtumia mtu.

Mtaalamu_wa_Kufuta #27

Mnasahau kadi yenyewe. Yule dada wa kamera alirudishiwa kadi? Akaifuta, akaendelea na harusi nyingine? Kufuta kwenye kamera hakuondoi video. Kunaondoa orodha tu, kamera inaambiwa "hapa pana nafasi". Mimi natumia PhotoRec, programu ya bure, kuwarudishia watu picha zao. Kadi iliyofomatiwa kwa haraka asubuhi, mchana narudisha karibu yote. Kadi hiyo ikiuzwa au ikiazimwa, aliyeipata anaweza kufanya hivyo hivyo.

Bi_Mrihani #28

Na mimi nitasema yangu. Pakacha la simu mlangoni linazuia mgeni mwenye simu moja. Mwenye mbili je? Mie nimeshamuona mtu kaficha simu kwenye kitambaa cha kujifutia jasho. Mnamtuhumu kijana wa kompyuta bure, na nyoka alikuwa mkekani.

Binti_Kikwajuni #29

Bibi, kipande kilikuwa kimepigwa kutoka kule kamera ilikokuwa. Ingawa ni kweli pembeni yake walikuwa wamekaa watu...

Kipupwe_Mlandege #30

Kesi hii ingefaa Mwanakwerekwe mahakamani.

Wakili_wa_Barazani #31

Mahakamani inafika kweli. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 14: kuchapisha ponografia kwa njia ya kompyuta, faini isiyopungua milioni 20 au kifungo kisichopungua miaka saba, au vyote viwili.

dau_la_Nungwi #32

Hiyo ya Bara. Zanzibar tuna sheria zetu.

Wakili_wa_Barazani #33

Soma kifungu cha 2 ndugu. Sheria hiyo inatumika Bara na Zanzibar, isipokuwa kifungu cha 50 tu.

Karafuu_Wete #34

Lakini mama mtu mzima anayecheza msondo na kanga ni ponografia? Hakimu atacheka.

Wakili_wa_Barazani #35

Ndiyo maana sikusema atashinda. Pana pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, kwa upande huo huenda akapata pa kushika. Aliyedhalilishwa amtafute wakili mwenye ofisi, si wa barazani kama mimi.

Mgeni_wa_Muscat #36

Samahani naingilia. Uzi huu umenigusa kwa upande mwingine. Mimi nafanya kazi Oman, mke wangu yuko Unguja, naja likizo mara moja kwa mwaka. Tulikuwa tunafikiria kamera kama hiyo hiyo, ya mambo yetu wenyewe mtu na mkewe. Hatutaki simu kwa sababu hizo hizo mlizozitaja. Je, hiyo Canon inafaa?

Kipupwe_Mlandege #37

😳😂😂 Nilijua tu tutafika huku.

Bi_Mrihani #38

Astaghfirullah. Mwanangu, mkeo si sinema. Pesa ya kamera nunua tiketi uje.

FundiLenzi #39

Ameuliza kwa adabu, tumjibu kwa adabu. Kamera inafaa. Tatizo lako ni tofauti na la mpambaji: video yako itabidi isafiri au ibaki. Ikisafiri kwa WhatsApp, kamera isiyo na waifai imekusaidia nini? Ikisafiri kwenye kadi mfukoni, uwanja wa ndege begi linafunguliwa.

Mtaalamu_wa_Kufuta #40

Faili ifungwe kwa nywila kabla haijatoka kwenye kompyuta. VeraCrypt ni ya bure, inakutengenezea kama sanduku, bila nywila ni takataka tu. Na kadi ya asili usiitumie tena kwa jambo jingine. Ukimaliza nayo, ivunje vipande viwili kwa koleo, usiitupe nzima.

Wakili_wa_Barazani #41

Mimi naongeza maswali mawili ambayo hakuna kamera inayoyajibu. Mkiachana, sanduku hilo ni la nani? Na ukifariki, mirathi inapofunguliwa na ndugu wanagawana vitu vyako, hiyo kadi inaangukia mkononi mwa mjomba gani?

Kipupwe_Mlandege #42

Mjomba wangu mimi simuamini hata na redio.

Mgeni_wa_Muscat #43

Hilo la mirathi limenitoa jasho wallahi. Ahsanteni. Nitazungumza na mwenyewe kwanza, maana wazo lilikuwa langu zaidi kuliko lake.

Bi_Mrihani #44

Ulianza mwisho. Yeye ndiye wa kuulizwa kabla ya mafundi.

Mpambaji_wa_Ngambo #45

Nimerudi, nilikuwa na harusi Bububu. Jamani uzi umekwenda kasi.

@Binti_Kikwajuni nampa pole mama. Kwa maneno yenu nimeamua: sihariri kwa mtu. Video inabaki kama ilivyo, ndefu na mbichi, kadi nampa mama wa bibi harusi kwenye bahasha palepale, kama alivyofanya mke wa @Mzee_wa_Kanda. Kila harusi kadi yake, naiweka kwenye bei. Hapo kadi za ukubwa gani?

FundiLenzi #46

Kwa HF R806, ubora wa juu kabisa, kadi ya 32GB inachukua kama saa mbili. Shusha ubora daraja moja utapata zaidi. Kwa saa tatu chukua 64GB uwe na amani. Usishangae kuona video imekatwa faili kadhaa, ni kawaida ya kamkoda, zinafuatana.

Mtaalamu_wa_Kufuta #47

Na kadi zipime kabla ya shughuli! Zipo zimeandikwa 256GB na ndani ni 8. Zinakubali kurekodi mpaka mwisho, zinajiandika juu ya zilichoandika, nyumbani unakuta dakika chache zinazofunguka. Kwa Windows tumia H2testw, kwa Mac na Linux iko F3. Inajaza kadi, inasoma tena, inakwambia ukweli. Inachukua muda, iache usiku.

dau_la_Nungwi #48

Mimi bado nasema Canon M50 iliyotumika ingempa picha nzuri. Akivizia vizuri haizidi sana bajeti yake.

FundiLenzi #49

M50 ina waifai. Na inasimama dakika 29 na sekunde 59, bibi katikati ya ngoma, wewe unabonyeza upya.

Umeme_Mdogo #50

Hiyo dakika 29 ni joto. Bodi ndogo haiwezi kupoa, hasa chumba cha kwetu mwezi wa pili.

FundiLenzi #51

Ni ushuru. Ulaya kifaa kinachorekodi nusu saa au zaidi kilihesabiwa kamera ya video na kutozwa ushuru wake, watengenezaji wakaweka kikomo sekunde moja kabla.

Umeme_Mdogo #52

Basi mbona nyingine zinazima dakika 15 zikiwa zimewaka moto? Na hizo ni ushuru?

FundiLenzi #53

Hizo ni joto. Hiyo ni ushuru. Yote mawili yapo.

Mzee_wa_Kanda #54

Bibie, sikiliza kabla hujalipa. Fungua kifuniko cha lenzi, washa tochi ya simu upande wa mbele, chungulia kwa pembeni. Ukiona nyuzinyuzi kama utando wa buibui, ni kuvu. Bahari yetu inaotesha kuvu kwenye kioo, na kamera iliyokaa kabatini miaka mitatu mjini hapa si ajabu kuwa nayo. Ikiwa nyumbani, weka kwenye chombo cha plastiki kinachofunga na vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja kwenye viatu. Usiweke kwenye mchele, vumbi la mchele linaingia kwenye bawaba ya kioo.

Na moshi wa udi unaacha mafuta kwenye lenzi. Chetezo kikipita mbele yako funika lenzi kwa kiganja, kikishapita endelea. Unga wa liwa nao usiupulize kwa mdomo, mate yatauganda.

Kipupwe_Mlandege #55

Mimi niliwahi kununua kamkoda ya mitumba Darajani, yenye memori ya ndani. Kuwasha nakuta harusi nzima ya Kijapani: bwana harusi, wazee wameinama, mtoto analia chini ya meza. Nikaitazama mpaka mwisho. Vizuri sana, ila nyimbo hazikuwa na ngoma.

Mtaalamu_wa_Kufuta #56

Na wewe ulipoiuza uliifuta?

Kipupwe_Mlandege #57

...

Binti_Kikwajuni #58

😂😂😂

Mpambaji_wa_Ngambo #59

@Kipupwe_Mlandege nani kainunua? Niikwepe.

Nimepata LEGRIA HF R806 kwa mtu Mombasa ya huku kwetu, laki sita na nusu, chaja ipo, betri moja. Kesho nakwenda kuitazama na tochi. Betri moja inatosha saa tatu?

FundiLenzi #60

Haitoshi, tena ya zamani. Tafuta ya pili, na siku ya shughuli kamera ichomeke ukutani muda wote, betri iwe akiba umeme ukikatika. Mwambie muuzaji arekodi mbele yako dakika kumi mfululizo chini ya taa ya ndani, halafu mtazame kwenye TV, si kwenye kioo cha kamera. Michirizi utaiona hapo hapo.

Umeme_Mdogo #61

Na balbu ya nyumba yake ikiwa ya elfu mbili usiilaumu kamera.

Mzee_wa_Kanda #62

Au akiwa kwenye jenereta.